Maswali Yenu: Mbawakawa Kizibao, Wageni na Wenyeji wa Msitu

Katika toleo lililopita tulisema kwa kupita tu kwamba wapo mbawakawa wa mabawa mafupi waliosafirishwa na binadamu kutoka bara moja hadi jingine, na kwamba wachache kati yao wameacha majalala na samadi wakahamia msituni. Barua zilizofuata zimetosha kujaza ukurasa huu na kubaki. Nyingi zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: nikimkuta mdudu kwenye msitu wa Pugu, nitajuaje kama ni mwenyeji au mgeni? Tunaanza na walioomba kumfahamu kwanza.

*Wahariri, habari za kazi. Ninavyojua, mbawakawa ana gamba gumu linalofunika mgongo mzima, kama yule mwenye pembe anayetoboa minazi. Huyu wenu mwenye mabawa mafupi ni nani, na nitamtofautishaje na wadudu wengine wembamba? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Temeke)*

Kiswahili bado hakijampa jina lililokubalika na wote, kwa hiyo ukurasa huu utamwita mbawakawa kizibao. Mabawa yake ya juu, yale magumu, yameishia mapema kama kizibao kinavyoishia juu ya kanzu, na tumbo lote limebaki wazi, pingili baada ya pingili. Chini ya kizibao hicho yamekunjwa mabawa mapana ya kurukia. Akitua huyakunja upya kwa kuyasukuma kwa ncha ya tumbo, kama mtu anayesokomeza shuka kubwa ndani ya foronya. Kitaalamu familia yake ni Staphylinidae, nayo ina zaidi ya spishi 60,000 zilizokwisha kupewa majina. Wengi hawazidi milimita 8. Wachache hufika 30.

Mweke kwenye kisahani cheupe, mguse kwa unyoya. Wengi hupinda mkia juu kama nge, ila hawana mwiba. Hesabu pingili za tumbo zilizo wazi mgongoni: kwa kawaida ni tano au sita. Mbawakawa wadogo wa matunda yaliyooza nao wana mabawa yaliyopungua kidogo, lakini huacha pingili mbili au tatu tu, na umbo lao ni la mviringo. Mdudu mwenye koleo mkiani si wa ukoo huu. Koleo ndilo linalomtambulisha. Sisimizi ana kiuno chembamba na vipapasio vilivyopinda kama kiwiko. Kizibao hana kiuno, na vipapasio vyake vimenyooka kama shanga zilizotungwa.

*Kila mvua za vuli zikianza, nairobi flai wanajaa sebuleni kwangu. Huyu si ndiye mgeni mnayemsema, aliyeletwa kutoka Nairobi? Na je, ni kweli anakojoa? (Mama mwenye nyumba, Mbezi)*

Jina lisikupoteze, mama. Ni kizibao kweli, ila si mgeni na wala si nzi. Ni Paederus sabaeus, mwenyeji wa Afrika, ana urefu wa milimita 7 hadi 10: kichwa cheusi, shingo ya rangi ya chungwa, kizibao cha buluu iliyoiva, tumbo jekundu lenye ncha nyeusi. Makazi yake ni nyasi zenye unyevu, kingo za mito na mashamba ya mpunga. Mvua ikizidi kule mabondeni huruka usiku kufuata taa, ndipo mnapokutana.

Haumi wala hakojoi. Sumu imo ndani ya damu yake na hutoka ukimponda. Inaitwa pederini, ilitengwa mara ya kwanza mwaka 1953 na Waitalia Pavan na Bo kutoka kwa ndugu yake, Paederus fuscipes. Baadaye ikaonekana kwamba wanaoitengeneza si yeye mwenyewe bali bakteria wanaoishi ndani yake. Ngozi haiungui papo hapo. Malengelenge huanza baada ya siku moja au mbili, na ndiyo maana watu wengi humsingizia buibui au mjusi: mkosaji alishapondwa na kusahaulika.

Akitua mwilini, mpulize au mwache apande kwenye karatasi. Ukimponda kwa bahati mbaya, osha mahali hapo mara moja kwa maji mengi na sabuni, kisha osha na mikono, maana kidole chenye sumu kikipita kwenye jicho kazi inakuwa ya hospitali. Usijifutie kanga ile ile ukaendelea kuivaa. Pale ngozi inapokutana na ngozi, kwenye kiwiko au nyuma ya goti, doa moja huzaa la pili kwa kugusana. Hamisha taa iliyo juu ya kitanda, na kung'uta shuka kabla ya kulala msimu wa mvua.

Tumelijibu kwa kirefu kwa sababu lina funzo kwa maswali yanayofuata: huyu ni mwenyeji na bado ni kero. Mgeni anaweza kuishi jirani nawe miaka 50 bila kukugusa. Kero si kipimo cha ugeni.

*Nina kitalu cha maua Mikocheni. Chini ya vyungu na ndani ya mboji nimekuta vidudu vyeusi vyembamba vya milimita 3 hadi 5, vinakimbia sana. Je, vimekuja na meli? Niviue? (Mwenye kitalu)*

Usiviue. Kwenye kitalu ni askari wa bure: hula mayai na mabuu ya vijinzi vinavyoruka kwenye udongo uliolowa. Spishi mojawapo ya aina hiyo, Dalotia coriaria, huzalishwa na kuuzwa Ulaya na Marekani Kaskazini kwa ajili hiyohiyo, wakulima wa mabanda ya vioo wakiimwaga juu ya udongo wa vyungu.

Kama vimekuja na meli, hilo haliwezi kujibiwa kwa rangi na urefu. Vizibao vyeusi vya milimita 4 ni vingi kuliko subira ya mtaalamu yeyote. Lakini dhana yako haina kosa. Ziko spishi za mbojini na za samadi ambazo leo zimeenea karibu dunia nzima pamoja na binadamu: Lithocharis nigriceps iliyoanzia Asia ni mfano mmoja, Philonthus longicornis mwingine. Safari yao haikuhitaji mti wala tunda. Ilihitaji udongo.

Aliyelieleza jambo hili vizuri ni mtaalamu wa mbawakawa kutoka Sweden, Carl Lindroth, katika kazi aliyoitoa mwaka 1957. Alijiuliza mbona Newfoundland, kule Kanada, kuna mbawakawa wengi wa Ulaya wanaotembea tu ardhini. Jibu akalipata kwenye bandari za kusini-magharibi mwa Uingereza. Meli za tanga zilizokwenda kuchukua samaki ziliondoka tupu, na ili zisipinduke zilijazwa udongo, mawe na kifusi vilivyochotwa ufukoni na kando ya mji. Zikifika ng'ambo, kifusi kinamwagwa na samaki wanapakiwa. Akalinganisha wadudu wa kule kifusi kilikochotwa na wale wa kule kilikomwagwa, na wakafanana mno.

Siku hizi meli hutumia maji badala ya kifusi, ila udongo haujaacha kusafiri. Hupanda kwenye mizizi ya miche, kwenye majani makavu ya kufungashia mizigo, kwenye tope la matairi ya mitambo iliyotumika. Paleti za mbao zenye muhuri wa HT zimepashwa joto mpaka kiini cha ubao kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30. Hiyo huua watoboa mbao, lakini haihusiani na tope lililoganda chini ya paleti baadaye.

Kwa kitalu chako mambo ni matatu. Miche au udongo kutoka nje ya nchi ufuate kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mboji iache ifike nyuzi 55 kwa siku tatu mfululizo, uigeuze, kisha ifike tena. Upande wa nje wa lundo ndio unaobaki baridi na ndiko wadudu hukimbilia, kwa hiyo kuigeuza ndiyo kazi yenyewe. Na udongo wa vyungu ambavyo mimea yake imekufa usiupeleke kuutupa kando ya msitu wa Pande au Pugu kwa sababu tu kuna nafasi. Huo ndio mwendo wa kile kifusi, kwa guta badala ya meli.

*Mbona mnasema ni wachache tu wanaoingia msituni? Msitu si una majani yaliyooza kuliko kitalu? (Msomaji, Kigamboni)*

Unayo, ila kuoza si kumoja. Lundo la mboji lina joto, limejaa nzi na funza, na unyevu wake hautegemei mvua. Sakafu ya msitu ina ubaridi, chakula kimetawanyika, na kila upenyo una mwindaji aliyeutangulia. Mgeni aliyezoea jalala akiingia humo huwa kama mpiga debe aliyeshushwa kijijini: sauti anayo, abiria hakuna.

Wanaofaulu huwa wametoka kwenye msitu wa hali ileile. Tachinus corticinus, kizibao cha Ulaya cha milimita 3 hadi 4, kimeingia mashariki mwa Kanada na hupatikana kwenye majani makavu ya misitu ya huko. Kule kilikotoka na kule kilikofika kuna baridi na miti inayopukutika kwa namna moja. Mlinganishe na Ocypus olens, yule mweusi mkubwa wa Ulaya anayefika sentimita 3. Marekani amezoeleka zaidi katika bustani na viunga, akiwinda konokono wa bustani ambaye naye ni mgeni kutoka Ulaya. Mgeni amemfuata mgeni mwenzake.

Misitu ya pwani yetu ina mtihani wa ziada. Kati ya Juni na Septemba majani ya chini hukauka mpaka yakavunjika mkononi. Tunavyoona sisi, mgeni wa mbojini atakayeonekana Pugu wakati wa masika atakuwa amerudi kwenye migomba, mazizi na majalala ifikapo Agosti. Ukitaka kumhesabu kwa haki kuwa mkazi wa msitu, mtafute Agosti.

*Shikamooni. Klabu yetu ya mazingira Kisarawe ingependa kuchunguza vizibao vinaishi wapi: ndani ya msitu, ukingoni au mashambani. Tuna wanafunzi 20 na fedha kidogo. Tupeni utaratibu kamili. (Mwalimu)*

Marahaba, Mwalimu. Anza na kibali, si na jembe. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Ofisi yao ipewe barua yenye tarehe, idadi ya watu, idadi ya mitego na kile mtakachoondoka nacho. Kama matokeo yatachapishwa kama utafiti, ulizeni mapema habari za kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Chagueni sehemu tatu. Ya kwanza ndani, angalau mita 100 kutoka ukingo wowote, na njia pana au eneo lililokatwa mkaa lihesabiwe kuwa ukingo pia. Ya pili ukingoni penyewe. Ya tatu nje, shambani au kwenye migomba, mita 100 kutoka msituni. Kila sehemu iwe na mitego 10 kwa mstari, mita 10 kati ya mmoja na mwingine. Jumla ni 30. Kama hamwezi 30, punguzeni sawasawa kote. Mkiweka 10 nje na 4 ndani kwa sababu ndani kuna mbu, mtakuwa mmepima mbu.

Mtego mmoja ni makopo mawili ya plastiki yanayoingiana, mdomo wa sentimita 7 hadi 9, kina cha 10 hadi 12. La nje litobolewe chini, nalo ndilo linalobaki ardhini. La ndani ndilo mnalolitoa na kulimwaga. Udongo wa huku ni wa kichanga, na kwa kopo moja tu kila mkilitoa shimo litajifukia. Mdomo wa kopo la ndani uwe sawa kabisa na ardhi. Juu wekeni kifuniko kipana cha sentimita 15, kikisimama kwenye misumari mitatu, kiache uwazi wa sentimita 3: mvua isiingie, mdudu apite.

Maji ya mtego: gramu 350 za chumvi kwa lita moja ya maji ya moto, zikoroge mpaka ziyeyuke, ziache zipoe, kisha tia matone matatu ya sabuni ya maji isiyo na manukato. Sabuni huvunja ngozi ya maji ili mdudu azame. Bila hiyo ataelea juu ya maji ya chumvi na kutambaa nje. Mililita 100 kwa kopo zinatosha, kwa hiyo mitego 30 inakula lita 3 za maji na kilo moja na kidogo ya chumvi.

Chimbeni, funikeni vinywa vya makopo, muondoke. Rudini siku ya nne ndipo mfungue. Udongo uliotoka kufukuliwa huwatoa wadudu mafichoni, na mavuno ya siku ya kwanza hudanganya. Acheni wazi siku tatu usiku na mchana, vueni, mfunge. Rudieni masika, Agosti na vuli, mashimo yaleyale.

Mtego wa shimo humnasa anayetembea tu. Anayekaa kwenye majani atafutwe kwa chekeche. Tengenezeni fremu ya sentimita 50 kwa 50, iwekeni mara nne kila sehemu ili mpate mita moja ya mraba, mzoe majani mpaka udongo uonekane, mchekeche kwenye wavu wa matundu ya milimita 8. Kilichopita wekeni kwenye mfuko wa kitambaa, kamwe si wa plastiki juani. Shuleni kimwageni kwenye faneli ya karatasi ngumu yenye wavu wa milimita 5 ndani na chupa ya spiriti chini. Juu ning'inizeni balbu ya wati 25 hadi 40, sentimita 20 kutoka kwenye majani, kwa siku tatu. Balbu iwe ya zamani, ya waya unaowaka. Ya LED ina mwanga bila joto, na wadudu wanakimbia ukavu zaidi ya mwanga. Msipoipata, tandazeni majani membamba kwenye faneli mahali penye upepo na kivuli kwa wiki nzima. Joto likiwa kali mno, wadogo hukauka kabla hawajafika chini, nanyi mtadhani hawakuwamo.

Spiriti ya kuhifadhia ni asilimia 70: kwa lita moja chukueni mililita 740 za alkoholi ya asilimia 95, jazeni maji. Pombe kali ya dukani haifiki huko, na vielelezo vitaoza vikiwa vimelewa. Lebo iandikwe kwa penseli na itiwe ndani ya chupa. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye spiriti siku hiyohiyo. Iandikwe nchi, mkoa, wilaya, mahali, namba za GPS zenye tarakimu tano baada ya nukta, tarehe ya kufungua na ya kuvua, namba ya mtego, na aina ya mahali: "Mkoa wa Pwani, Kisarawe, msitu wa Pugu, ndani, chini ya miti iliyofunga, mtego 7".

*Tuliweka mitego 12 nyuma ya nyumba karibu na korongo. Tumepata sisimizi, mchanga na maji ya mvua. Kizibao hata kimoja. Tumekosea wapi? (Vijana wawili, Mbezi Makabe)*

Pengine pa kwanza ni mdomo wa kopo. Ukisimama milimita 3 tu juu ya ardhi, mdudu wa milimita 4 anauona kama ukuta na kuuzunguka. Lala chini jicho likiwa sawa na ardhi, utaona mwenyewe. Pa pili ni sabuni: ile yenye harufu ya limau hufukuza. Maji ya mvua yana maana mbili, ama kifuniko kilikuwa kidogo ama kopo liko kwenye mkondo. Sogezeni mita mbili upande wa juu.

Sisimizi wakiwa ni siafu, toeni mitego yote mara moja, maana watakula kila kilichomo, kisha wekeni tena mita 20 mbali baada ya siku mbili. Ila kabla hamjakimbia, tazameni mwisho wa msafara wao pale unapopungua. Wapo vizibao wanaoishi na siafu, wenye umbo na mwendo wa siafu, wakila mabaki ya msafara bila kuulizwa. Wengine huishi ndani ya vichuguu na mchwa huwalisha kama ndugu. Hao ni wenyeji kweli kweli: huwezi kuhamia kwenye ukoo wa siafu kwa kushuka tu kutoka kwenye kontena.

Mkitaka kuona vizibao haraka, ning'inizeni samadi mbichi ya gramu 50 kwenye kitambaa juu ya kopo. Watakuja. Lakini mitego yenye chambo isichanganywe na ile ya Mwalimu wa Kisarawe hapo juu, kwa sababu harufu huwavuta wadudu kutoka mbali, na mtego hausemi tena nani anaishi pale, unasema nani ana njaa.

*Nafuga ng'ombe wanne Chanika. Kwenye samadi kuna hawa vizibao wengi. Jirani amenishauri nipulize dawa. (Mfugaji)*

Usipulize. Wengi wa hao hula mayai na funza wa nzi. Wapo wa jenasi ya Aleochara ambao mkubwa hula mayai na funza, na mtoto wake hutoboa ganda la bundo la nzi (funza aliyejifungia akigeuka kuwa nzi) akamla akiwa ndani. Dawa itaua askari kwanza, na nzi watarudi kabla yao kwa kuwa nzi huzaa upesi.

Ukitaka kujua unao wangapi, tia kinyesi cha siku moja au mbili kwenye ndoo ya maji, vunja vunja kwa kijiti, subiri dakika tano, okoa wanaoelea kwa chujio la chai (lisirudi jikoni). Dawa ya minyoo aina ya ivermektini hutoka na kinyesi na kudhuru watoto wa wadudu wa samadi, basi mpe ng'ombe anayeihitaji, si zizi zima kwa mazoea.

*Nimekusanya rekodi 14 za kizibao kimoja ninachoshuku ni mgeni. Nikiziweka kwenye ramani, zote ziko kando ya Barabara ya Morogoro. Je, anasambaa kwa kufuata barabara? (Mwanafunzi wa chuo, Mlimani)*

Tuambie kwanza ulikuwa unapanda daladala gani. Ramani ya namna hiyo mara nyingi huonyesha nyayo za mkusanyaji kabla ya zile za mdudu. Ili vidoti vyako viseme kitu, weka na sifuri: kila mahali ulipotafuta kwa muda uleule na njia ileile usimpate, paandike. Sifuri 30 zilizoandikwa vizuri Vikindu, Pande na Kazimzumbwi zitamwelezea mdudu wako kuliko kidoti cha kumi na tano.

Kuhusu ugeni, hakuna alama moja inayotosha. Tazama ndugu zake wa karibu wanaishi bara gani. Tazama kama vielelezo vya kale vya eneo hili vina spishi hiyo. Asipokuwamo kwenye makusanyo makubwa ya zamani, kisha akaanza kuonekana bandarini na kwenye mashamba, hoja inapata nguvu. Tazama makazi: anayepatikana mbojini, zizini na jalalani tu, na ndani ya msitu haonekani hata mara moja, anatia shaka. Vinasaba husaidia pia, kwani wadudu wachache walioletwa na mzigo mmoja huzaa kizazi kinachofanana mno. Mambo haya yakikubaliana, sema ni mgeni. Yakipingana, mwite wa shaka na usione haya.

Usimpe jina kwa kumtazama mgongo. Vizibao wengi hutenganishwa kwa kiungo cha uzazi cha dume. Mlainishe kwenye maji ya moto dakika 10, mshike kwa kibanio chini ya hadubini, vuta pingili za mwisho kwa sindano nyembamba, kitoe kiungo ukigundishe kwenye kadi ileile ya mdudu. Wa chini ya milimita 5 hachomwi pini. Hugundishwa kwenye ncha ya kadi ya pembetatu kwa gundi inayoyeyuka kwa maji. Wawili au watatu wabakize kwenye alkoholi ya asilimia 95 kwa ajili ya vinasaba. Ile ya 70 huviharibu taratibu.

Kwa ushauri, idara ya zoolojia iko hapo hapo Mlimani. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, nayo ina mkusanyo mkubwa wa wadudu wa Afrika Mashariki wa kulinganishia, ila kuvusha vielelezo mpakani kunahitaji vibali vya nchi zote mbili, hata kama vyote vinaenea kwenye kiberiti.

*Naweza kuwatumia picha ya simu mkanitajia jina? (Wengi, Ilala hadi Bunju)*

Familia tutaitaja, jenasi mara nyingine, spishi kwa nadra. Leta picha tatu: mgongo, tumbo na ubavu, kwenye karatasi nyeupe kivulini, rula ikionekana. Mdudu akikimbia sana, mtie kwenye friji dakika tano ndani ya kichupa, si kwenye friza. Na ukisha kumpiga picha, usimtupe kabla hatujajibu.